Kashata za chokoleti na nazi bila njugu wala maziwa: kipi cha kununua masokoni kwetu na kipi cha kuacha

Sinia la Idi likipita na kashata za nazi na za njugu (karanga) zimepangwa pamoja, mtoto mwenye mzio wa njugu hana lake. Kumwondolea za njugu na kumwachia za nazi hakusaidii, kwa sababu zimeshagusana, zimekatwa kwa kisu kimoja na pengine zimepikwa kwenye sufuria moja. Chokoleti za dukani nazo ndiyo hivyo: nyingi zina maziwa na lesithini ya soya (kiungo kinachotokana na soya, kinachoshikanisha chokoleti), na nyuma ya karatasi kuna maandishi madogo yanayosema kiwanda hicho hicho kinashughulika na karanga na lozi. Nyumba yenye mtu wa namna hii njia yake ya uhakika ni kutengeneza wenyewe. Karibu kila kinachohitajika kinapatikana Darajani na Mwanakwerekwe kwa Unguja, Chake Chake na Wete kwa Pemba, ila si kila kinachouzwa kinafaa, na tofauti zake huonekana kitu kikishaharibika.

Tuanze na mafuta, maana ndiyo yanayoamua kama kashata itasimama au itakuwa mchuzi. Mafuta ya nazi huyeyuka kwenye nyuzi joto 24 hadi 25. Unguja na Pemba baridi ya kuyagandisha tunaipata usiku wa kipupwe tu. Mchana wa kaskazi, msimu wetu wa joto, nyumba nyingi zinapita nyuzi 30. Kwa hivyo maelekezo ya nchi za baridi yanayosema uache mezani mpaka zigande hayana kazi kwetu. Kashata ya mafuta ya nazi matupu hapa ni kitu cha friji: hutoka, huliwa, basi.

Sokoni yote yanaitwa mafuta ya nazi, lakini yapo ya aina mbalimbali. Kuna ya kupika, yale ya tui linalochemshwa mpaka maji yaishe na mashapo ya kahawia yatuame chini. Harufu yake ni nzito, ya nazi iliyokaangika. Kwenye samaki ni mazuri sana, kwenye chokoleti hugombana na kakao. Baya zaidi, yakiepuliwa kabla maji hayajaisha huacha tone la maji chini ya chupa, na tone hilo linatosha kuharibu bakuli zima. Ikiwa ndiyo uliyonayo, yapashe kwa moto mdogo mpaka yaache kutoa mapovu, yachuje kwa kitambaa safi, yaache yapoe, ndipo uyatumie.

Yaliyokamuliwa bila moto, maangavu kama maji na yenye harufu laini ya nazi mbichi, ndiyo yanayostahili kazi hii. Bei yake iko juu kuliko mengine, lakini sinia moja la kashata halili hata nusu ya kikombe, na ladha inalipa. Ya kiwandani yaliyosafishwa hayana harufu kabisa. Yanafaa kwa ganda la nje ukitaka kakao isikike peke yake. Ya nywele usiyaguse, hata kama mbele ya chupa pameandikwa kuwa ni asilia. Geuza chupa usome: mara nyingi utakuta marashi na mafuta ya madini.

Ya chupa zisizo na nembo yajaribu kwanza. Mimina vijiko viwili kwenye gilasi, weka ndani ya friji saa mbili. Mafuta ya nazi ya kweli huwa meupe na magumu kama mshumaa, ukigonga kwa kijiko yanalia. Yaliyotiwa mafuta ya mawese au ya alizeti hubaki laini kama uji, au huacha utando wa majimaji juu. Na mafuta yakiganda yenyewe ndani ya chupa mwezi wa Julai hayajaharibika. Hiyo ndiyo tabia yake.

Kakao ina mtego mmoja mkubwa. Makopo mengi yenye picha ya kakao ni vinywaji: ndani mna sukari kwanza, halafu maziwa ya unga, na baadhi yana kimea cha shayiri, ambacho mtu asiyeweza gluteni (protini ya ngano na shayiri) hatakiwi kukila. Unachotaka ni unga wa kakao ambao orodha yake ina neno moja tu. Kama huna uhakika, weka chembe kwenye ulimi. Kakao tupu ni chungu na hukausha mdomo. Ikiwa na utamu wowote, rudisha. Ipo ya rangi nyekundu-kahawia yenye ukali kidogo, na ipo iliyopunguzwa ukali kwa magadi, nyeusi zaidi na laini. Kwa nazi sisi tunaipendelea ya kwanza, kwa sababu ukali wake unakata mafuta. Anayetengenezea watoto wadogo ataona ya pili inakubalika upesi.

Kakao ya kupima, inayochotwa kutoka kwenye gunia au ndoo, tunaikataa moja kwa moja kwa nyumba yenye mzio. Si kwamba kakao yenyewe ni mbaya. Tatizo ni kile kikombe cha kuchotea, ambacho dakika iliyopita kilikuwa kwenye njugu za kusaga au maziwa ya unga. Inauma kusema hivyo, kwani kakao inalimwa hapa hapa Tanzania, Kyela na Kilombero, na ingependeza kuinunua bila ya pakiti kusafiri dunia nzima. Lakini kwa mtu ambaye chembe moja inamvimbisha koo, pakiti iliyofungwa ndiyo salama.

Chokoleti ya kuyeyusha inayouzwa kwa wapika keki inavutia kwa sababu inastahimili joto. Inastahimili kwa vile siagi ya kakao (mafuta ya kakao yenyewe, si siagi ya maziwa) imeondolewa na kutiwa mafuta magumu ya kokwa za mchikichi, na takriban kila tuliyosoma orodha yake ina maziwa ya unga au lesithini ya soya, au vyote viwili. Kwa keki ya kawaida itumike. Kwa kazi hii hapana.

Siagi ya kakao ndiyo dawa ya joto letu, kwani huyeyuka kwenye nyuzi 34 hadi 36, yaani karibu na joto la mdomo. Kwa bahati mbaya si bidhaa ya kila duka. Wengi huagiza Dar es Salaam kwa wauzaji wa vifaa vya keki. Ile inayouzwa pamoja na losheni ni ya ngozi, usiile.

Nazi sasa. Hapa hakuna bidhaa ya pakiti inayoishinda nazi yetu iliyokomaa, ya kahawia, nzito mkononi, inayolia maji ukiitikisa. Isiyolia maji iache, huenda ni joya au imeshapasuka ndani. Koroma pia haifai: nyama yake bado ina maji mengi na mafuta kidogo, ukiikausha inabaki kama karatasi. Ikune kwenye mbuzi kwa mkono mwepesi na uache kabla ya kufika kwenye ngozi ya kahawia iliyogusa kifuu. Ngozi hiyo haina madhara, ila huifanya nazi iwe na rangi ya majivu na kukwaruza ulimi.

Nazi kavu ya pakiti inaokoa muda, lakini angalia mawili. Kuna iliyotiwa sukari, na kuna iliyotiwa salfaiti ili ibaki nyeupe, namba E220 hadi E228 kwenye orodha. Salfaiti huweza kumshika mtu mwenye pumu. Isiyo na hivyo viwili inafaa, ingawa haina ile harufu ya nazi ya asubuhi.

Na chicha? Watu wengi huwamwagia kuku. Chicha la tui la kwanza, lililokamuliwa mara moja tu bila ya maji, likikaushwa vizuri linatengeneza kashata nzuri kabisa, mradi uongeze kijiko kimoja cha mafuta kufidia yaliyotoka. Chicha lililokamuliwa mara tatu ni nyuzi tupu, kashata yake husagika mdomoni kama makapi.

Utamu hautaki maneno mengi. Asali safi inashika vizuri na ina maji karibu sehemu 17 hadi 18 katika 100, jambo ambalo lina athari yake kama tutakavyoona. Asipewe mtoto asiyetimiza mwaka mmoja, hata kidogo, kwa sababu ya hatari ya sumu ya botulizimu. Tende laini zinashika kuliko asali na ndizo tunazozipendekeza wakati wa kaskazi. Nunua zilizofungwa peke yake, zisizojazwa lozi wala kunyunyiziwa ufuta. Sukari ya unga ya pakiti mara nyingi ina wanga wa mahindi ili isigandane. Kama mahindi ndiyo tatizo lako, saga sukari ya kawaida mwenyewe mpaka iwe vumbi. Sukari ya chenga haiyeyuki ndani ya mafuta, hata ukikoroga mpaka magharibi.

Vipimo vya kashata 20

Kiini: nazi mbichi iliyokunwa gramu 200, mafuta ya nazi vijiko vikubwa 3, asali vijiko vikubwa 2 (au tende zilizotolewa kokwa na kupondwa gramu 60, na mafuta vijiko 2), hiliki ya kusaga robo ya kijiko cha chai, chumvi kidogo tu ya kubana kwa vidole.

Ganda: mafuta ya nazi gramu 60, kakao gramu 45, sukari ya unga gramu 30. Kwa siagi ya kakao: siagi gramu 60, kakao gramu 40, sukari gramu 30.

Kukausha nazi ndiko kunakotaka subira kuliko yote. Nazi mbichi karibu nusu ya uzito wake ni maji, na maji hayo yakibaki, kashata huchacha na kutoa harufu siku ya pili au ya tatu hata ikiwa ndani ya friji. Tumia kikaango kipana, moto mdogo kabisa, koroga bila kuacha dakika 15 hadi 20. Kwanza nazi hunata kwenye mwiko na kutoa mvuke. Baadaye mvuke unakoma, chembe zinaachana, na mwiko ukipita chini ya kikaango unasikia mlio mwepesi kama wa mchanga mkavu. Hapo epua, kabla rangi haijageuka. Kwa oveni, nyuzi 100, itandaze nyembamba, dakika 30 hadi 40, ukiigeuza mara mbili. Ipime tena: gramu 200 zinapaswa kubaki gramu 110 hadi 120. Zikiwa 140 bado ina maji. Mizani ya jikoni hapa ina faida kuliko jicho.

Nazi ikiwa bado na uvuguvugu, changanya na mafuta, asali, hiliki na chumvi. Finya kidogo kiganjani: ikishikana na kuacha alama za vidole iko sawa, ikimomonyoka ongeza nusu kijiko cha mafuta. Fanya vidonge vya gramu 10 hivi, vipange juu ya karatasi ya kuokea, weka kwenye friji nusu saa. Friji, siyo friza. Kiini kilichoganda barafu hutanuka kikipata joto, na ganda likishakauka juu yake hupasuka katikati kama udongo wa jua.

Kwa ganda, yeyusha mafuta kwenye bakuli kavu juu ya sufuria ya maji yanayofuka, bila ya bakuli kugusa maji. Epua, chekecha kakao na sukari ndani, koroga mpaka ing'ae na idondoke kama uji mwepesi. Ikiwa nyepesi mno, subiri ipoe, usikimbilie kuongeza kakao. Chovya kidonge kwa uma, gonga uma kwenye ukingo wa bakuli ili kinachozidi kianguke, rudisha kwenye karatasi. Kwa kuwa kiini ni baridi, ndani ya nusu dakika utaona mng'ao ukifa kutoka pembeni kuelekea katikati, ganda limeshika. Chovya mara ya pili ukitaka nene, kisha friji dakika 20.

Ukitumia siagi ya kakao, ganda zuri la kuvunjika kwa mlio linahitaji kupashwa mpaka nyuzi 45, kupozwa huku ukikoroga mpaka 27 au 28, halafu kupandishwa tena 31 hadi 32. Kaskazi hewa ya jikoni yenyewe imepita hapo, kwa hivyo bakuli lipozwe ndani ya beseni la maji baridi, kwa uangalifu lisiingie tone. Ukiruka hatua hii kashata bado zitalika, ila zitakuwa hafifu kwa mng'ao na baada ya siku kadhaa zitatoa ukungu mweupe juu. Huo ni mafuta yaliyopanda, siyo kuvu.

Yanayoharibika, na kwa nini

Kakao ikijikunja ghafla na kuwa donge zito lenye chenga, imeingia maji: mvuke wa sufuria, kijiko kilichooshwa muda huo huo, au mafuta yaliyopikwa nusu. Kuongeza mafuta hakuokoi. Ongeza maji ya moto kijiko kimoja kimoja huku ukikoroga kwa nguvu mpaka ilainike tena. Haitafaa tena kwa ganda, lakini itakuwa mchuzi mzuri wa kumwagia juu ya ndizi, na ganda utatengeneza jengine.

Mtu akitia asali kwenye ganda badala ya sukari ya unga, hukutana na kitu chengine: donge la kahawia katikati na mafuta yanayong'aa yameogelea pembeni. Yale maji ya asali yameshikana na kakao na kuyafukuza mafuta. Ndiyo maana asali tumeiweka ndani na sukari nje, na mpangilio huo usiubadilishe.

Kashata zinazotoa jasho zimetolewa kwenye friji zikaachwa wazi. Hewa yetu ina unyevu mwingi na maji yake hutua kama matone juu ya kitu baridi. Zitoe kidogo kidogo, zilizobaki ziwe kwenye kopo lenye mfuniko unaobana. Ndani ya friji zinakaa wiki moja bila kupungua ladha. Umeme ukikatika, usifungue friji, na kopo liwe kwenye rafu ya chini kabisa ya nyuma.

Jiko lenyewe

Bidhaa zote zikiwa safi, bado mzio huingia kwa mlango wa nyuma. Kinu cha mbao kilichowahi kutwangiwa njugu kisitumike. Mbao hunyonya mafuta na protini ya njugu, na kusuuza hakuitoi. Mwiko wa mbao hali yake ni hiyo hiyo, nunua wa chuma au silikoni na uutengee kazi hii peke yake. Blenda ifunguliwe kisu na mpira wake uoshwe kwa sabuni na maji ya moto, maana pale chini ya mpira ndipo ufuta na korosho hujificha. Kufuta kwa kitambaa si kuosha. Tengeneza kashata hizi kabla ya kuanza kupika vyengine siku hiyo. Sikukuu ziwekwe kwenye chombo chake chenye mfuniko, mbali na sinia la wote, na mwenye nyumba amwambie kila anayepakua.

Kuhusu nazi yenyewe, wengi wenye mzio wa lozi na korosho hula nazi bila tatizo. Mamlaka ya chakula ya Marekani iliihesabu pamoja na jamii ya lozi kwa miaka mingi, na Januari 2025 ikaiondoa kwenye orodha hiyo. Hata hivyo wapo wachache wanaodhurika na nazi, na mtoto ambaye ameshapata mzio mkali wa kitu chengine daktari wake aulizwe kwanza. Midomo au ulimi ukivimba, akianza kukohoa, kutapika au kupumua kwa shida baada ya kula, ni hospitali muda huo huo, hakuna kusubiri dawa ya nyumbani.

Afya tuseme ukweli wake. Kwa vipimo hivi kila kashata ina sukari kama gramu 3, chini ya kijiko kimoja cha chai, wakati kashata ya kawaida ya nazi mara nyingi hutiwa sukari karibu sawa na nazi yenyewe. Hapo kuna nafuu kubwa. Sukari ya asali nayo ni sukari, tumeshaihesabu humo. Lakini mafuta ni mengi, na mafuta ya nazi zaidi ya sehemu 80 katika 100 ni yale yanayoganda, ambayo mwenye ugonjwa wa moyo huambiwa ayapunguze. Kashata moja ina takriban kalori 100. Mbili baada ya chakula zinatosha mtu mzima, mtoto moja.

Kwa anayeanza, pesa yake tungempangia hivi: mafuta yaliyokamuliwa bila moto, pakiti ya kakao tupu iliyofungwa, nazi mbili za sokoni, tende. Siagi ya kakao aiache mpaka atakapotaka kuzisafirisha, mathali kumpelekea mtu Pemba kwa boti, kwa sababu za mafuta ya nazi peke yake hazifiki. Na anayetaka kuziuza ajue kwamba neno "bila njugu" kwenye kopo ni ahadi kwa mtu ambaye akikosewa anaweza kufa. Aende kwanza Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar, na jiko lake liwe halijui njugu kabisa.